Barua Niliyoivisha Herufi za Kizungu

Miaka ya hamsini nilikuwa karani katika ofisi ya wilaya, Pangani. Ofisi haikupokea barua ila kwa herufi za Kizungu, na watu wetu wengi walijua zile za Kiarabu tu walizofundishwa chuoni, kwenye Kurani. Mimi nilikaa katikati. Barua ikiingia, Kiswahili kilibaki kilekile, nikakivisha herufi za ofisi. Jibu likitoka, nikalivisha za Kiarabu ili mwenyewe alisome. Nilijiona hodari, wala sikuwa na kawaida ya kumwuliza mtu alikusudia nini.

Asubuhi moja aliingia mtu wa Ushongo na askari nyuma yake. Mkononi alikuwa na barua iliyochanika pembeni.

"Dada yangu hayuko tangu juzi," akasema. "Hii nimemnyang'anya baharia aliyekuwa anaipeleka Pemba. Ameiandika yule seremala kwa nduguye. Isome, karani, maana huyo keshamdhuru!"

Seremala nilimjua kwa sura. Alikuwa amemposa dada huyo, mjane, na kaka mtu akamkatalia mara mbili.

Nikaisoma huku yule mtu ananihemea shingoni. Katikati palikuwa na mstari ulionishtua. Nikauandika kama nilivyouona: "Mwanamke huyu nitamuua, na nduguye hatanizuia." Kabla ya adhuhuri seremala alikuwa mahabusu, na watu wanachungulia visima na kupekua mikoko.

Kesho yake akaja mama yake seremala.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nionyeshe alichoandika mwanangu."

Haikuruhusiwa, lakini nilimpa. Akaisogeza karatasi dirishani, akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari: "Mwanamke huyu nitamuoa, na nduguye hatanizuia." Akaninyanyulia macho. "Wewe ulisoma nini?"

Niliutazama tena ule mstari. Katika maandishi yetu yale, *o* na *u* hubebwa na alama moja, dhumma. Kuoa na kuua huandikwa sawasawa. Msomaji ndiye huchagua.

"Nilisoma kuua," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kaka mtu alikuwa hapa, anasema dada yake kadhurika."

"Basi hukusoma barua ya mwanangu. Ulisoma maneno ya huyo."

Nilikwenda kwa Bwana Shauri, mkubwa wa ofisi yetu. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Nikamweleza yote. Akauliza kama sasa nina hakika.

"Sina, bwana. Yote mawili yanasomeka. Ndiyo maana nimekuja."

Akasema seremala hatoki mpaka mwanamke aonekane, akiwa hai au amekufa. Nikashuka mahabusu, nikamwuliza seremala kupitia nondo, "Yuko wapi?"

"Sijui. Na ningejua, nisingekwambia wewe."

Siku mbili mama yule alikaa kwenye baraza ya ofisi toka asubuhi hadi jioni. Kila askari aliporudi kutoka mikokoni nilimtazama mikono kwanza, kama amebeba kitu. Nikaanza kujiuliza: na kama nilisoma sawa? Niliona haya kugundua kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilitamani iwe hivyo.

Siku ya tatu mwanamke mwenyewe akatokea mlangoni, miguu imejaa vumbi la njia ya Mwera. Alikuwa amejificha kijijini huko kwa shangazi yake, kwa kuwa kaka alitaka kumwoza kwa mtu mwingine. Habari za msako zilimfuata huko.

"Mnatafuta maiti ya nani?" akauliza.

Mama yule akaanguka kifudifudi kwenye sakafu, akilia.

Seremala akafunguliwa. Mimi niliondolewa kwenye meza ya barua kwa miezi kadhaa. Niliporudishwa, sikupeleka tena barua kwa wakubwa bila ile ya asili kubanwa nyuma yake. Na penye neno lenye njia mbili, niliandika zote mbili. Mwandishi akiwa karibu, nilimwita aisome mwenyewe nami nikaandika. Wenzangu walilalamika kwamba nachelewesha kazi, na kweli nilichelewesha.

Seremala na yule mjane walioana. Mwaka uliofuata seremala alikuja kuomba kibali cha kujenga karakana. Hakunisalimu. Akavuta kiti, akanitamkia ombi lake neno kwa neno, macho yake kwenye kalamu yangu. Alipomaliza akaniamuru nimsomee toka mwanzo. Nikamsomea.

"Tena," akasema.

Nikamsomea tena.