Gurudumu Lisilo na Spoki

Mtu aliyebuni gurudumu la baiskeli akaliziba pande zote mbili kama sinia, nina hakika hajawahi kulijaza upepo kwa mkono wake. Alimwachia mwingine. Mwingine huyo nikawa mimi, hapa Nchelenge, kando ya ziwa linalotutenga na Kongo, katika wiki ya mwisho ya ziwa kufungwa.

Mimi hubeba samaki kwa baiskeli. Nawapokea mashua za kisiwa cha Chisenga zinapotua, nawapeleka sokoni Kashikishi au kwenye malori. Kila mwaka mvua zikikolea serikali hulifunga ziwa ili samaki wazae, na sisi tunaokula kwa mgongo wa samaki hukaa tukitazamana. Mwaka huo, katika safari ya mwisho kabla ya kufungwa, rimu yangu ya nyuma ilikunjika chini ya mzigo kama chapati. Mwenye mzigo alikuwa mama mmoja wa Kongo, mfanyabiashara anayevuka kutoka upande wa Pweto, niliyembebea kwa misimu kadhaa. Aliitazama rimu, akanitazama mimi.

“Papa,” akasema, “miye sina ndugu mu commerce. Siku banafungua ziwa, mubebaji mwenye nitakuta pale wa kwanza, njo nitatumika naye saison yote. Ukikosa, usinililie.”

Basi msimu wangu mzima ulining’inia kwenye asubuhi moja. Nikiwahi kwa mama huyo, nina kazi mpaka mvua nyingine. Nikichelewa, mke na watoto wangu wataendelea kula bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya mihogo, na kesho yake sombe kwa bukari, huku wenzangu wakipita mbele ya nyumba yetu wakinuka samaki.

Rimu za kawaida zilikuwa zimekwisha sokoni. Muuzaji wa vyuma chakavu, Mkongo mwenye maneno laini, alinitolea kitu cheusi, cha mviringo, chepesi ajabu, kisicho na spoki hata moja. Nikamuuliza ni kifuniko cha sufuria gani.

“Hii roue iko ya ba champion, papa! Kule Bulaya banakimbizaka nayo mu nyumba, banazunguka.”

“Wanazunguka kwenda wapi?”

“Hapana fasi. Banazunguka tu.”

Ningemwachia palepale. Mtu anayezunguka ndani ya nyumba bila kwenda popote hana shida zangu. Lakini tairi lilikuwa gumu kama jiwe, gia yake ilikubali mnyororo wangu, na mimi sikuwa na la kuchagua. Nikampa gunia la mihogo mikavu, nikalitia gurudumu kwapani. Njiani upepo wa ziwa ukalinasa, ukanigeuza mimi mzima nikatazama nilikotoka. Wanawake waliokuwa wakisuuza vyombo walicheka mpaka wakaketi. Hapo ndipo ningelirudisha, lakini nikaona haya.

Kulifunga kwenyewe kulikuwa vita. Ilibidi nipanue fremu kwa ubao na kisigino. Na likishafungwa, pedali hazipumziki: gurudumu likizunguka na miguu izunguke, utake usitake. Hayo yote niliyavumilia. Kisha, baada ya siku chache, tairi likaanza kulegea. Halikutoboka. Upepo ulikuwa ukitoka wenyewe, kidogo kidogo, hata likawa laini kama ndizi iliyoiva.

Tairi lenyewe si kama haya yetu. Limeshonwa lote kama soseji, mpira ukiwa ndani, kisha likabandikwa kwenye rimu kwa gundi. Huwezi kulifungua uone kilichomo. Na valvu, ambayo ni nyembamba kama njiti ya kibiriti, imejificha ndani ya kishimo kidogo ubavuni mwa gurudumu. Kichwa cha pampu yetu hakiingii kishimoni. Kidole kinaingia, lakini kidole hakipigi upepo.

Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo husemwa. Aliyesema hivyo hakuwa na gurudumu langu. Majirani walikuja mmoja mmoja, kisha wawili wawili, na kila aliyekuja alilipiga konzi kwanza asikie linavyolia. Katekista, mwenye pampu, alitaka tupashe kisu moto tukate dirisha. Fundi baiskeli wa njia panda alitaka kutoboa pande zote mbili ili atie spoki. Mvuvi mmoja alishauri tulishindilie majani makavu, tusahau habari za upepo. Walikuja na vigoda vyao. Kwa siku kadhaa uwanja wangu ulikuwa bunge, na mimi mwenye mali sikupata hata nafasi ya kuchangia.

Mwishowe nilipata dawa peke yangu, wao wakiwa wameenda kula. Nilikata kichwa cha shaba cha pampu, jambo ambalo katekista hajanisamehe hadi leo, nikauchomeka mrija wa mpira moja kwa moja juu ya valvu, nikaufunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Ulishika. Lakini upepo ulipoanza kuwa mwingi uliruka ukanipiga shavuni. Ilikuwa lazima mtu aukandamize kwa vidole gumba vyote viwili, na mwingine apige pampu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hiyo ilikuwa alasiri ya kuamkia siku ya kufunguliwa ziwa. Nikatoka kutafuta mtu. Hapakuwa na mtu! Bunge lote lilikuwa limehamia ufukweni, wanapaka mashua lami, wanafungasha nyavu, na watoto wa mtaa mzima wamewafuata. Mke wangu alikuwa Chienge kwa dada yake aliyejifungua, na watoto wetu amekwenda nao. Wakati nilipohitaji maneno, nilipewa mpaka yakafurika. Wakati nilipohitaji mikono miwili tu, hata katekista hakuonekana. Nilikasirika nikaipiga teke pampu, nikaumia.

Nyumbani alikuwepo mtu mmoja: mama mkwe.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hakuna kinachoeleweka. Nilizaliwa ng’ambo, Kongo, na nikaoa hapa, nikakaa katika uwanja wa wakwe zangu kama ilivyo desturi ya wengi. Na kwa desturi yao, mkwe wa kiume na mama wa mke hawakutani uso kwa uso, hawali pamoja, hawasemezani, mpaka siku ukoo utakapopika na kumwingiza rasmi. Mimi nilikuwa sijaingizwa. Mwaka mmoja kulikuwa na msiba, mwaka mwingine mahindi yalikataa. Kwa hiyo miaka yote hiyo tuliishi uwanja mmoja kama watu wanaokwepana deni. Akitoka mlangoni, mimi nageukia ukuta. Nikirudi kutoka sokoni, yeye anavuta kitenge usoni. Likiwepo neno la lazima, watoto walilibeba; hata sharti la mama wa Kongo lilimfikia kwa njia hiyo. Watoto wasipokuwepo, tuliwaambia kuku.

Alasiri hiyo nilisikia akiwaambia kuku, kwa Kiswahili chake cha sokoni chenye Kibemba ndani: “Mwe nkoko, mwenye kinga, hii baiskeli, anatafuta mutu wa kupiga pompe. Miye niko na mikono. Nimetwanga mihogo tangu mutoto.”

Nikawajibu kuku kwamba haifai, mayo, yaani mama, asijisumbue, ni kazi chafu.

“Kesho iko chafu zaidi,” akawaambia.

Alisema kweli. Nilikuwa nimeigeuza baiskeli miguu juu, imesimama kwa tandiko na usukani, na lile gurudumu limekaa katikati kama mlango uliofungwa. Gurudumu la spoki lisingefaa. Ungemwona mtu mzima mzima, pua na macho. Hili halikupitisha hata mwanga. Nikachutama upande wangu penye valvu, nikaupitisha mrija chini ya rimu. Nikasikia kitenge chake kikija, nikasikia ameshika pampu. Kwa mara ya kwanza tangu niliporudi nalo kutoka sokoni, nililishukuru lile gurudumu.

Kisha akaanza. Jamani, yule mama! Alipiga pampu kama mtu anayetwanga kwa ajili ya harusi. Kila alipoinuka, ncha ya kitambaa chake cha kichwani ilichomoza juu ya gurudumu, nami nikainamisha macho. Mrija ulipata joto mikononi mwangu. Tairi likanyooka, likajaa, likaanza kuwa gumu. Alikuwa akihema na kusemasema, na safari hii hakuwaambia kuku, wala sijui alimwambia nani. Alisema binti yake amekonda. Alisema watu wa ukoo humuuliza kwa nini alimruhusu binti yake aolewe na mtu wa ng’ambo asiye na mashua, na yeye huwajibu kwamba mtu huyo hajawahi kulala siku ya kazi. Mimi nilikuwa nimeubana mrija, siwezi kusogea, siwezi kuziba masikio.

Tairi lilikuwa limefika. Lilikuwa limepita hata. Nilisikia uzi wa mshono ukilalamika chini ya kidole changu, tiki, tiki. Ilitakiwa nitamke neno moja tu: basi. Mtoto wa miaka miwili angelisema. Lakini unamwambiaje mama mkwe “basi”? Ni amri. Hata mke wangu simwambii hivyo. Nikatafuta maneno yenye adabu. Nikawageukia kuku, ambao nao walikuwa wameondoka, nikaanza: “Nyie kuku, pengine ingekuwa vyema, kama mayo ataona inafaa, na kama hajachoka kutusaidia, akapumzika kidogo…”

Lililipuka kabla sijamaliza. Mlio wake ulisikika mpaka ufukweni, kwa sababu nilisikia mbwa wa huko wakijibu. Tairi lilibanduka kwenye gundi likachanika na kuning’inia kama utumbo wa mbuzi. Mimi nikaanguka chali. Baiskeli ikaanguka ubavu, na ukuta wetu ukaanguka nayo.

Alikuwa amesimama na mpini wa pampu mkononi, kitambaa kimemtoka kichwani, ananitazama. Sikujua kwamba macho yake ni macho ya mke wangu. Nilisahau hata kugeuka.

“Juu ya nini haukusema ‘inatosha’?” aliniuliza. Si kuku, mimi. “Kinywa uko nacho!”

“Mayo, ningekuambiaje?”

“Na kinywa!” akafoka. “Mwe Lesa, ee Mungu! Kwa kinywa!”

Na hapo, bila shaka, ndipo majirani walipotokea. Wote! Katekista, fundi, mvuvi wa majani makavu, wanakimbia na mikono yao yenye lami wakiuliza ni bunduki gani. Mama mkwe alivuta kitenge akaingia ndani akafunga mlango. Wao wakalizunguka gurudumu, wakalipiga konzi, na katekista akasema kwamba yeye tangu mwanzo alishauri kukata dirisha. Nilimjibu neno ambalo halifai kuandikwa.

Sikula jioni ile. Nilikuwa nimeharibu tairi, nimeharibu pampu ya watu, nimemwona mama mkwe kichwa wazi, na msimu umekwenda. Hasira nilizokuwa nazo zilikuwa nyingi kuliko mahali pa kuziweka.

Alfajiri nilitoka hata hivyo. Mtu afanyeje? Nilichana mabaki ya lile tairi nikayatupa, nikaikokota baiskeli juu ya rimu tupu. Kwenye udongo mgumu ililia kama kijiko ndani ya sufuria. Kwenye mchanga ilizama, nami nikasimama kila hatua chache kuinyanyua. Wabebaji wenzangu walinipita kwa kengele, wengine kwa huruma, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Nilipofika, mashua zilikuwa zimekwisha kutua. Watu walikuwa wamejaa na mizani inapiga kelele.

Nilimwona mama wa Kongo kando ya maji. Vikapu vyake vilikuwa vimejaa samaki waitwao mapale, wanarukaruka, na wabebaji watatu wamesimama mbele yake na baiskeli nzima, lakini hakuna aliyepakia. Juu ya kikapu kimoja, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu imefungana, ameketi mama mkwe.

“Weye uko na bahati,” mama wa Kongo aliniambia kwa kuudhika. “Nilifika, nikakuta huyu mama amekaa fasi yako. Tangu saa hile anafukuza batu. Nilimuuliza, mubebaji iko wapi? Anasema, ‘Mwana wangu iko mu njia, baiskeli yake imegonjwa.’ Sasa beba, samaki haingojake. Mama yako iko muti wa mwiba!”

Mama yako. Nilifungua kinywa nimsahihishe, kwa sababu mambo haya yana taratibu zake na pale palikuwa na watu wa ukoo wanaosikia. Mama mkwe hakugeuka, lakini mabega yake yalingoja. Nikafunga kinywa.

Alishuka kwenye kikapu, nami nikakipandisha kwenye kiti cha nyuma. Nikaanza kuvuta. Rimu ikaingia mchangani mpaka nusu, ikakataa. Nikavuta tena kwa nguvu zote, wabebaji wale watatu wakaanza kucheka, na samaki mmoja akaanguka. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, amesimama kando ya kikapu. Hakugusa. Nikaelewa kwamba hatagusa mpaka aambiwe.

“Mayo,” nilisema, kwa sauti ambayo ufuko wote uliisikia, “sukuma.”

Akasukuma.