Jiwe la Bunda na Kifua Changu

Tangu moyo wangu uugue, nyumba yangu ya Kigera ina serikali mpya, na mimi simo. Ndoo nisiguse. Jembe nisishike. Kuni ndiyo kabisa. Nikiinama kuokota kijiko, binti yangu mkubwa anachomoka chumbani: "Mama, acha!" Nawapenda wanangu, lakini kuna siku nimetamani kuwachapa viboko na uzee wao.

Basi yule wa mwisho akapata mchumba kule Butiama. Furaha yangu sijui niisemeje. Moyo uliponiangusha mara ya kwanza niliomba jambo moja tu, nimwone huyu mtoto akitoka nyumbani kwangu kwa vigelegele. Na katika ukoo wetu mwali haendi kwa wakwe mikono mitupu. Anabeba unga wa ulezi uliosagwa kwa jiwe na mama yake mzazi, na huo ndio anasongea ugali wa kwanza wa nyumba yake. Unga wa mashine haukubaliki. Shangazi zangu walikuwa wakisema una haraka, na haraka haraka haina baraka.

Jiwe lenyewe lilikuwa Bunda kwa dada yangu, kuku wanalilalia. Dada akalileta kwa pikapu ya jirani. Lilipofika mlangoni niliinuka kusaidia kulishusha. Wee! Wanangu walipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. "Mama, usiguse jiwe!" Nikaketi. Wakalishusha, wakaliosha, wakanitandikia mkeka pembeni yake, kisha wakaenda zao kwa fundi kupima sare. Hakuna aliyekumbuka kwamba jiwe halisagi lenyewe.

Wala mimi sikukumbuka. Kwangu mimi kusaga kwa ajili ya arusi ni ngoma. Nilipiga magoti, dada akawa ananimwagia ulezi, tukaimba zile nyimbo za mama za kuwasema wakwe, ambazo siwezi kuziandika hapa. Unasukuma jiwe mbele kwa mikono miwili, kifua kinafuata, unarudi. Tulisaga asubuhi, tukasaga jioni, na kesho yake tena. Dada alipotaka kunipokea nilimfukuza. Mama wa mwali ni mmoja.

Siku moja kabla ya arusi niliamka na maumivu kifuani, upande wa kushoto. Nikivuta pumzi, yanachoma. Nikaweka kidonge chini ya ulimi kama nilivyofundishwa kliniki, nikangoja. Hakuna kitu. Moyo uliponishika kweli, mwaka ule, haukuuma hata hivi. Taya na mkono vilikuwa vizito tu, nikasema ni gesi, nikanywa soda, nikaenda kuuza dagaa. Nilikaribia kufa kwa ujuaji wangu. Safari hii sikujifanya daktari. Nilimwita binti mkubwa nikamwambia, "Nipelekeni hospitali." Kusikia mimi ndiye ninayeomba, akaanza kulia.

Hospitali wakanifunga nyaya za kupima moyo, wakatoa damu. Daktari alikuwa kijana mpole, anaongea kama anayebembeleza mtoto.

"Mama, vipimo hivi havina shida. Ila mtu mwenye moyo kama wako hatumwamini kwa damu ya mara moja. Tutapima tena baadaye. Ikibadilika, tunakupeleka Mwanza leo leo."

Mwanza! Kesho wanakuja kumchukua mwanangu, mimi nipo Mwanza. Nikageukia ukutani, nikalia. Mwali mwenyewe akaja, akaninong'oneza, "Mama, tuahirishe."

"Thubutu!" nikamwambia. Hapo pia kifua kikachoma.

Daktari akarudi. "Mama, wiki hii umefanya kazi gani nzito?"

"Hakuna. Ndoo sijagusa, jembe sijagusa. Muulize askari wangu huyu."

"Kweli, dokta," binti mkubwa akadakia. "Huyu tunamlindaga. Hata kijiko haokotagi."

Daktari akanishika mkono asikilize mapigo, akageuza kiganja. Malengelenge, mengine yamepasuka.

"Na haya?"

"Ya jiwe."

"Jiwe gani, mama?"

"La kusagia. Nimemsagia mwanangu ulezi."

"Kwa siku ngapi?"

"Mbili tu."

"Na hiyo siyo kazi?"

"Kazi gani? Hiyo ni arusi!"

Binti yangu akamgeukia mama yake mkubwa, yaani dada yangu aliyekuja nasi, na dada akawa anatazama dari. Daktari akaweka kidole pale ubavu unapokutana na mfupa wa kifua, akabonyeza. Nilipiga yowe, nikamchapa mkono.

"Ndipo penyewe," akasema, anacheka. Lakini hakuniruhusu. Kidole peke yake hakitoshi, alisema, tungoje damu. Tukangoja. Sijawahi kuona saa inatambaa namna ile.

Damu ikarudi vilevile. Akaniambia mbavu na misuli yake vimechoka na kuvimba kwa kusukuma jiwe, moyo haumo. Akanipa panadol, akanikataza zile dawa kali za maumivu za dukani kwa kuwa hazipatani na moyo wangu. Kisha akaacha kucheka. "Siku nyingine kikiuma, uje vilevile. Usiseme ni mbavu." Nikamwahidi. Dada alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele mle mle wodini. Nesi akaja kumfokea, akasikia habari, akapiga cha kwake.

Kesho yake tulimsindikiza mwali hadi Butiama. Mimi niliketishwa kwenye kiti chenye mito kama askofu, nimekatazwa kucheza, kubeba, hata kupiga makofi kwa nguvu. Mama mkwe akapokea unga, akachovya kidole, akaonja. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Huu ni wa jiwe!" Akina mama wakalipuka. Nilicheka, ubavu ukanichoma, nikacheka tena. Raha ya ajabu, kuumwa kifua na usiogope.

Ilipofika saa ya kumwacha, mwanangu alinikumbatia. Alinibana kwa nguvu, nami nikashtuka kwa maumivu. Akasikia, akataka kuniachia haraka, macho yamemtoka. Nikamrudisha kifuani.

"Kaza, mwanangu," nikamwambia. "Ni mbavu tu. Moyo ni mzima."