Neno la Maji Mafu

Sijamsamehe mpaka leo, na siandiki haya ili nionekane mwema. Alikuwa mratibu wa mradi wetu wa kufuga kaa, mtu wa Tibirinzi mwenye maneno matamu. Mwaka mzima alikuwa akija kwangu, nje kidogo ya Wete, hapa Pemba, akikaa barazani na kuandika kila nilichosema.

Wakati ule sote tulikuwa tukinenepesha kaa ndani ya uzio wa mianzi, kwenye mikoko. Kaa anapojivua gamba huwa laini kama mkate uliolowa, na wenziwe humla papo hapo. Mie nikachukua madumu ya mafuta ya kula, nikayatoboa, nikamtia kila kaa katika dumu lake na kulifukia nusu topeni. Majirani wakanicheka, wakasema nimewajengea kaa hoteli. Kaa wangu walipoanza kutoka wazima na wazito, kicheko kikawaishia.

"Bi," mratibu akaniambia, "wenzetu wa Vanga, upande wa Kenya, wana shida hii hii. Utakwenda mwenyewe ukawafundishe."

Nikashona dira jipya. Nikatafuta na karatasi za kuvukia mpaka. Siku ya safari nilikaa nimevaa tangu alfajiri mpaka adhuhuri, gari halikuja. Alikwenda peke yake. Aliporudi, alileta kijitabu chenye picha ya madumu yangu, yeye kachutama kando, na chini pameandikwa kwamba ni ubunifu wake. Mie nilikuwa nimeshika dumu siku ile ilipopigwa picha. Wamenikata. Vimebaki vidole viwili vyenye hina.

Nikamfuata ofisini kwake, Gombani.

"Ujuzi hauna mwenyewe, Bi," akanambia.

"Kama hauna mwenyewe, jina lako limefuata nini hapa?"

Akacheka, akaniagizia chai. Sikuinywa.

Kulikuwa na neno moja ambalo hakuwahi kuniuliza. Siku za maji mafu bahari hujaa kidogo tu, haifiki mikoko ya juu, na tope hupata moto. Kaa aliyefungiwa dumuni hawezi kukimbia, hufa. Kwa hiyo siku mbili kabla, mie huyahamishia madumu yote chini, kwenye mkondo usiokauka. Yeye alikuwa akija siku za bamvua tu, maji yakiwa mengi, hakuliona hilo. Nilipotoka ofisini kwake niliamua kwamba kwangu hatalisikia.

Miezi michache baadaye wanawake wa Vanga wakaja kututembelea. Mratibu alitaka kuwaonesha kazi, akamshawishi jirani yangu, mjane, awatie kaa wake wote kwenye madumu, mikoko ya juu. Maji mafu yakaingia. Asubuhi moja nilimkuta mjane yule njiani na ndoo ya chakula cha kaa. Nikamsalimia, nikamuuliza hali ya watoto, nikapita.

Wageni walipofika, mratibu akafungua dumu la kwanza. Harufu ikawarudisha watu nyuma. Akafungua la pili, la tatu. Kaa wote wamekufa.

"Na wetu walikufa hivi hivi," akasema mama mmoja wa Vanga. "Tulifuata kitabu chako, tukadhani tumekosea sisi."

Mratibu akanigeukia, jasho linamtoka. "Bi, hebu waeleze wageni."

"Aliyeandika kitabu ni wewe," nikasema. "Wanakuuliza wewe."

Akakifungua kile kijitabu, akapekua mbele ya watu wote, ukurasa baada ya ukurasa. Nilimtazama mpaka akamaliza. Sijui kama nimewahi kupata raha kama ile.

Kisha nikawachukua wanawake wa Vanga mpaka mkondoni kwangu. Niliwaonesha kila kitu: matobo, kivuli, kuhama kabla ya maji mafu. Sikuficha hata moja. Niliwaomba jambo moja tu: popote watakapofundisha, waseme wamejifunza kwa nani.

Walitimiza. Mwaka uliofuata mratibu alivuka tena kwenda kuwa mtaalamu. Wakamkalisha mkekani pamoja na wanafunzi, wakamfundisha wao, na kila hatua wakimtaja yule bibi wa Pemba. Mama yule wa Vanga alinirekodia kwenye simu, akanitumia. Niliisikiliza rekodi ile mpaka chaji ikaisha. Mradi haukumpa tena kazi ya kwenda kokote.

Mjane nilimpelekea kaa wangu, ndoo mbili, walionona. Alizipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Siku ile ulinisalimia," akasema, "na ulikuwa unajua."

Nilisema ndiyo. Kwake yeye nimekosa, na hilo nalibeba. Lakini yule mwanamme nikimkuta sokoni Chake Chake, yeye ndiye huwahi kunipa shikamoo. Nami huitika kwa sauti, ili walio karibu wageuke.