Muziki wa Harusi kwenye Tangazo la Msiba

Walimwita Koma tangu chuoni. Mwenzake akikwama na programu iliyogoma, yeye ndiye aliyepitisha kidole kwenye skrini na kusema, "Hapa umesahau koma." Jina likamganda. Hata wifi yake, ambaye mambo ya kompyuta hayajui mbele wala nyuma, alimtambulisha hivyo kwa wageni.

Alifanya kazi kwenye kituo kidogo cha redio, juu ya duka la magodoro. Chumba cha mitambo hakikuwa na dirisha. Feni ilipiga kelele kuliko upepo iliotoa, na nyaya zilitambaa sakafuni hivi kwamba mgeni aliingia akirukaruka kama anavuka matope. Mwenzake humo ndani alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, aliyeanza kuandika programu zamani kuliko yeye. Watu walimwita Bingwa, naye hakuwakatalia.

Kila asubuhi kituo kilirusha matangazo ya wasikilizaji: misiba, harusi, mikutano, vitu vilivyopotea. Koma aliandika skripti, yaani maelekezo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe, ili kila tangazo litanguliwe na muziki wake. Watangazaji walifurahi kupunguziwa kazi. Kisha asubuhi moja marehemu akatangazwa kwa tarumbeta za harusi.

Simu ikaita. Meneja akaipokea, akasikiliza kidogo, akamkabidhi Koma.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama mtu mzima, "mume wangu mnampigia tarumbeta? Tumewakosea nini?"

Koma aliomba radhi hadi maneno yakamwishia.

Akamwita Bingwa. Bingwa akavuta kiti, akamsogeza Koma kwa bega, akakamata kibodi. Akatengeneza matangazo matatu ya majaribio, akaendesha skripti. Yakapangika sawasawa.

"Mbona inakubali?"

"Sasa hivi inakubali. Wakati mwingine inachanganya."

"Wakati mwingine ndiyo lini, dada?"

"Ningejua ningekuita?"

Siku kadhaa zikapita salama, Koma akaanza kushusha pumzi. Ndipo mbuzi aliyepotea akatangazwa kwa muziki wa maombolezo. Mji mzima ulicheka. Koma alitamani sakafu ipasuke immeze.

Bingwa akaja tena na matangazo yake matatu, akasema tena kwamba inakubali. Safari hii aliondoka akiwa amefuta mistari miwili kwa sababu "haikumpendeza", na Koma akapoteza mchana mzima kuirudisha. Akaandika tatizo lake kwenye kundi la waandishi wa programu wenzake kwenye simu. Mmoja akamshauri aachane na lugha hiyo ya programu ajifunze nyingine. Mwingine akatuma katuni ya mtu anayecheka. Wa tatu akauliza kama amejaribu kuzima na kuwasha. Koma akaitumbukiza simu kwenye mkoba kama anayetupa takataka.

Nyumbani wifi yake alimwona amenuna.

"Si uizime tu, halafu uiwashe? Televisheni yetu ndivyo tunavyoifanya."

Nusura Koma amjibu vibaya. Akachukua beseni akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Siku iliyofuata meneja alisimama mlangoni, kwa kuogopa nyaya. "Ikikosea tena, tunarudi kupanga kwa mkono. Na wewe tutaangalia pa kukuweka."

Bingwa alisikia. Alisogea na kiti chake, mkono umeshatangulia kwenye kibodi.

"Kaka, toa mkono."

"Nakusaidia!"

"Unanisaidia nini? Kila ukija matangazo yako matatu, inakubali, umeondoka. Leo kaa hapo. Tunaendesha folda ya ile siku ya mbuzi, faili zote kama zilivyokuwa."

"Na wewe kila nikikuuliza inakosea lini, unaniambia wakati mwingine," Bingwa alisema, ucheshi umemtoka. "Nishike wapi?"

Alikuwa na haki, na hilo likamuudhi Koma zaidi. Akaiendesha folda. Mbele ya macho yao muziki ukavurugika. Bingwa, ambaye hakuwahi kuliona kosa lenyewe, akainamia skrini.

"Nisomee mpangilio," Koma akasema. "Kwa sauti."

"Moja. Kumi. Kumi na moja. Mbili..." Bingwa akasita. "Kumi imefikaje kabla ya mbili?"

Koma akajishika kichwa. Faili za matangazo ziliitwa kwa namba, lakini skripti ilizisoma kama maneno, jinsi kamusi inavyopanga: chochote kinachoanza na tarakimu 1 kilitangulia, hata kama ni 10. Muziki ulitoka kwenye orodha nyingine, iliyohesabu vizuri. Matangazo yakiwa machache, hapakuwa na shida. Yakifika kumi tu, karibu kila tangazo lilivaa muziki usio wake.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Bingwa akapiga meza kwa furaha. Koma alitoka akasimama kwenye korido, akiuma meno. Aibu yote ile, kwa ajili ya mstari mmoja!

"Tumeipata," Bingwa akamwambia meneja. Ile "tumeipata" ilimchoma Koma, ila angesema nini? Aliyeusoma mpangilio kwa sauti ni Bingwa.

"Vizuri," meneja akasema. "Lakini kwa sasa mtangazaji atapanga mwenyewe."

"Meneja, imeshapona," Koma akasema.

"Nimesikia."

Skripti ikapona, ikakosa kazi. Koma aliendelea kuiendesha peke yake kila asubuhi, akilinganisha mpangilio wake na wa mtangazaji, bila kumwambia mtu. Haikukosea tena. Hakuna aliyeuliza.

Wiki zikapita. Siku moja mtangazaji wa asubuhi akaingia akiruka nyaya, macho mekundu kwa kuamka mapema, akamtupia karatasi zake mezani.

"Bibie, irudishe hiyo skripti yako. Mimi nimechoka."

Si asante, si pole. Koma akazisukuma karatasi pembeni, akairudisha hewani, kisha akaketi kusikiliza matangazo yote hadi la mwisho, taya zimekaza.