Ng'ombe wa Ndabibi alivyotaka kuninyima pesa ya wasio na kazi ughaibuni

Wakuu, niaje. Hii imenipata mimi mwenyewe, sijaiongeza chumvi hata kidogo. Naona wengi humu mnauliza kama mwanafunzi wa kutoka nje akigraduate anaweza kulipwa ile pesa ya watu wasio na kazi.

Inawezekana. Lakini soma mpaka chini kwanza, kuna ng'ombe ndani.

Mimi ni msichana wa Ndabibi, hapo nyuma ya ziwa la Naivasha. Kichwa changu si cha vitabu sana. Form four nilipata kile nilipata, tuyaache. Lakini kuota naota vizuri, na kwa kuota nikajikuta nchi moja ya baridi nikisomea kazi ya kutunza wazee. Nchi siitaji, kuna mmoja wenu atanitafuta.

Kabla niondoke, mama alinishika mkono akanipeleka kwa zizi. Akanionyesha mtamba mwenye doa jeupe kwa paji la uso.

"Huyu ni wako. Hata huko mbali, ujue nyumbani una kitu."

Kwetu mtoto akisafiri huachiwa chake nyumbani, ndio asirudi kama mgeni. Tangu siku hiyo hakuna simu iliyokosa habari zake. Ng'ombe yako imezaa. Ng'ombe yako imekula sketi ya jirani iliyoanikwa kwa kamba.

Nikasoma. Wikendi na likizo nilifanya kazi kwa nyumba moja ya wazee, nikipewa payslip kila mwezi. Kwa hiyo payslip kulikuwa na mstari wa makato ya bima ya kukosa kazi. Sikuwahi kuuangalia. Ukiwa na miaka ishirini na kitu unaangalia mstari wa mwisho tu.

Nikagraduate. Mwezi huo huo ile nyumba ya wazee ikafungwa.

Nikabaki na cheti, na kibali cha kukaa nikitafuta kazi. Basi.

Wiki mbili nzima nilikaa nikiogopa. Kwa group letu la Wakenya walisema ukiomba hiyo pesa unafukuzwa nchi. Aliyeniokoa ni Atieno, tunaishi naye nyumba moja, mtu wa Kisumu asiyeogopa ofisi. Alichukua payslip zangu akazisoma moja moja.

"We dada wa maziwa, hii wamekukata ni ya nini? Ulidhani ni sadaka?"

Tukafungua website ya ofisi inayolipa hiyo pesa. Nilikuwa nimetimiza miezi inayotakiwa ya kukatwa, na kibali changu kinaruhusu kazi. Nikaanza kujaza form.

Sasa hapo ndipo nilipojikwaa. Kulikuwa na swali: una biashara yako au mali inayokuletea kipato?

Wakuu, kwetu nani anaandika kwa form kwamba hana kitu? Hata mwenye mistari miwili ya sukuma wiki anaandika mkulima. Na hapo juu nilikuwa nimeapa kusema ukweli. Nikaandika: mkulima, ng'ombe mmoja wa maziwa. Tena nikajisikia vizuri.

Barua ikaja. Ombi limesimamishwa, mwenye biashara ya kilimo aje aeleze.

Nikaenda. Ofisa alikuwa mama mpole wa miwani.

"Shamba lako lina wafanyakazi wangapi?"

"Ni mama yangu tu."

"Kwa hivyo umemwajiri mama yako?"

Sikujua kama nicheke ama nilie. Akanieleza polepole. Kama ng'ombe ni wangu, nilete hesabu ya maziwa. Kama si wangu, mwenyewe aandike barua na ofisi ya serikali ya huko igonge muhuri. Bila hiyo hakuna kitu, na mimi bila hiyo pesa nilikuwa narudi Ndabibi na cheti ambacho hakijawahi kufanya kazi.

Nikampigia mama. Nikamweleza aandike barua, na chief wa serikali pale kwetu aigonge muhuri.

"Unataka niandike huna kitu hapa nyumbani?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Karatasi ya chief si karatasi tu."

Akakata. Siku mbili hakupiga. Nilijihisi kama nimemrudishia zawadi mkononi.

Siku ya tatu ikaingia picha ya barua. Mwandiko wake wa kulala upande, muhuri wa chief chini. "Ng'ombe ni wangu. Namlisha, namkama, maziwa nauza mimi. Binti yangu hana ng'ombe. Ana mama."

Nikatafsirisha barua nikaipeleka; ofisa alisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta. Ombi likapita.

Nikampigia mama kumshukuru. Nikauliza, "Na ng'ombe yangu iko aje?"

"Gani?"

"Ile ya doa."

"Hiyo ni yangu. Nilisaini mbele ya chief. Mimi siwezi kudanganya serikali ya watu, hata kama iko mbali."

Nilidhani ni mchezo. Wapi. Miezi yote niliyolipwa, mama alisema ng'ombe *yangu* bila kupepesa macho. Atieno alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaendelea kuomba kazi, hiyo ilikuwa sharti lao na pia ndoto yangu. Mwishowe nikaitwa kwa nyumba nyingine ya wazee, full time. Siku hiyo hiyo niliwaandikia ofisi wasimamishe malipo, kisha nikapigia mama.

Swali lake la kwanza: "Umewaambia wasikulipe tena?"

"Nimewaambia."

Kesho yake ikaingia picha nyingine. Ndama mwenye doa jeupe, amevalishwa sweta yangu ya shule shingoni. Chini ameandika: "Huyu ni wako. Sasa wakikuuliza, andika."

Nilichojifunza: soma makato kwa payslip yako. Jiandikishe siku ile kazi imeisha, mimi zile wiki mbili za uoga sikulipwa. Sheria za kila nchi ni tofauti, kwa hivyo uliza ofisi, sio group. Na ukiona swali la mali, kwanza jiulize ng'ombe ni ya nani.

Haya, nyinyi mliachiwa nini nyumbani? Na huyu ndama bado hana jina, leteni.