Sauti ya Timotheo Ifunguliwe kwa Nini

Mwaka ule ulikuwa elfu mbili na kumi na tisa. La, ngoja, tusidanganyane. Kumi na tisa Timotheo alikuwa bado anapanda kilima na jogoo kwapani. Habari hii ni ya elfu mbili na ishirini na mbili, mwezi wa kumi na moja, maplamu yakiwa yameanza kuvimba lakini rangi bado.

Fanueli alikuwa mpogoaji. Ukitoka Lushoto mjini ukafuata ile barabara mbovu mpaka Mtae, kila unapokuta mti wa plamu au wa peasi uliokaa vizuri, ujue msumeno wake umepita hapo. Alitembea na mfuko wa turubai, ndani yake msumeno mdogo, mkasi, na kisu cha kubebeshea miche, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, kila kimoja kwenye kitambaa chake. Akikaribishwa chai anakunywa, anauliza hali za wagonjwa, anaaga. Shamba lake mwenyewe lilikuwa vichaka. Mkewe Dorkasi alikuwa akimwambia, "Miti ya watu unainyoa kama maharusi, ya kwako inafuga nyoka," naye anacheka tu.

Jirani yake wa upande wa chini alikuwa Timotheo. Huyu, kila mwaka, siku moja kabla ya Krismasi, tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, alimletea Fanueli jogoo. Jogoo mwekundu mwenye mkia, si kuku wa kubahatisha. Hakuwa na maneno mengi. Anamkabidhi, anasema, "Wape watoto wale," anageuka. Fanueli alijiona mtu mwenye bahati sana. Wengine wanachukiana na majirani kwa mbuzi aliyeonja maharage, yeye analetewa jogoo mpaka mlangoni. Huko njiani alikokuwa akilala kwa watu, akiulizwa kama ana ndugu, alijibu, "Ninaye mmoja, Timotheo, ingawa hatukunyonya ziwa moja."

Timotheo akaugua kifua, akafia hospitalini Muheza. Mwaka haukuisha, mwanawe Kristian akarudi kutoka Tanga alikokuwa akiuza vipuri, akasimama mpakani, akaigusa ile miti saba ya maplamu mmoja mmoja, akasema ni ya baba yake. Miti ile Fanueli aliichimbia mashimo mwenyewe, akaibebesha mwenyewe. Ila hakuandikishana na mtu, na walioshuhudia wameshazikwa.

Tegemeo lake likawa moja. Binti yake Happiness ni muuguzi huko Muheza, na ndiye aliyemuuguza Timotheo. Siku moja mzee alimwambia, "Washa simu yako, niseme mambo ya mpaka." Akawasha. Mzee akasema maplamu saba ni ya Fanueli. Hapo Happiness akaitwa kwa mgonjwa mwingine, akakimbia, simu akaiacha kitandani inaendelea kurekodi. Huo mwisho wake hakuwahi kuusikiliza. Alijua lililotakiwa limeshasemwa. Kesi ilipoibuka akaitia ile sauti kwenye flashi, akaifunga kwenye bahasha, akampa kondakta. Fanueli simu yake ni ya tochi, haina pa kuchomekea kitu. Kwa hiyo aliibeba ile flashi siku nne mfukoni mwa shati, akiigusa kila mara kama mtu mwenye jino bovu.

Siku ya baraza ofisi ya kijiji ilijaa. Mwenyekiti, Mzee Suleimani, alifungua kikao kwa dua, akampa mzee wa kanisa naye akaongeza sala. Janeth, karani wa kijiji, akachomeka flashi kwenye kompyuta, akabonyeza mara mbili.

Sauti haikutoka. Kioo kilijaa alama. Vipembe, nukta, herufi zenye kofia, maswali yaliyopinduliwa miguu juu, mstari baada ya mstari, mpaka kioo kikawa kama ukuta uliotambaliwa na siafu.

"Ndiyo sauti ya baba hiyo?" Kristian aliuliza. "Baba mdogo, mzee wangu alikuwa anakohoa, hilo najua. Sikujua alikuwa anakohoa herufi."

Watu wakacheka. Fanueli hakucheka. Aliketi bila kuangalia kama kuna benchi, bahati likawepo. "Mmemvunja," alisema. "Janeth mwanangu, mmemvunjavunja Timotheo."

"Babu, hajavunjika," Janeth alisema. "Hii imefunguliwa kwa programu ya kuandikia barua. Kuna mtu alitumia kompyuta hii, akaulizwa sauti zifunguliwe kwa nini, akachagua hiyo ya barua, tena akaweka na alama ya kila mara. Sasa sauti yoyote ikiingia humu, kompyuta inaisoma kama barua."

"Kompyuta nzima haijui sauti na barua?"

"Inatazama mkia tu, babu. Kila faili lina mkia, hizi herufi baada ya nukta. Mkia unaiambia huyu ni mnyama gani. Halafu wewe ndiye unayeiambia mnyama huyu apelekwe zizi gani. Ukikosea zizi, mnyama ni yuleyule mzima, ila hapati majani."

Fanueli alifikiri kidogo. "Kama mtu kubebesha mche kwa panga."

"Hapo hapo, babu."

Akabonyeza upande wa kulia, ikatoka orodha, naye akaisoma kwa sauti ili wote wasikie: "Fungua kwa..."

"Si tumeshafungua?" Mzee Suleimani alishangaa. "Kwa dua na kwa sala, zote mbili. Hiyo mashine inataka nini tena?"

Kicheko kikapita mpaka nje dirishani. Fanueli peke yake alikuwa ameshavua kofia na kuinamisha kichwa, akidhani kweli wanaombewa upya.

Janeth naye alikuwa na wasiwasi, kidole kikateleza kikaangukia programu ya picha. Kioo kikaandika: Faili hili haliwezi kufunguliwa. Huenda limeharibika.

"Limeharibika!" Kristian aliruka. "Mwenyekiti, imeandikwa yenyewe, wala si mimi niliyesema."

Fanueli alihisi masikio yamejaa maji. Aliyaona maplamu yake saba, na maua yake ya mwezi wa nane, yanakwenda.

"Subirini," alisema Janeth. "Hiyo ni ya picha, itaonaje sauti? Hii hapa ni ya muziki." Akaichagua. Chini yake pakawa na kijisanduku. "Imeniuliza, nitumie hii mara moja tu au kila mara?"

"Kila mara," Fanueli alisema. "Asije mwingine akapatwa na haya."

Akaweka alama. Na ghafla Timotheo akakohoa mle ofisini.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Kristian alishika meza. Kile kikohozi chake cha kuvuta, kilekile, halafu sauti: "Maplamu saba ni ya Fanueli. Andika hivyo, mwanangu." Viatu vya Happiness vikasikika vikiondoka mbio. Mwenyekiti alikuwa ameshanyanyua mkono aseme basi, yametosha, lakini sauti ikaendelea.

"Na si maplamu tu. Mwaka wa themanini na nane niling'oa masale, ile mimea ya mpaka, pale chini kwenye mfereji, nikayapanda tena hatua nane ndani kwake. Asubuhi, na ukungu. Nikainua kichwa, Fanueli amesimama juu ananitazama. Akaniinulia mkono. Akaniamkia kwa Kisambaa, Onga maundo. Akaenda zake. Aliniona, na hajasema mpaka leo. Sijawahi kulala vizuri siku yoyote niliyomwona."

Kikohozi kingine. Kisha mlio wa kitanda, basi.

Kristian alivua kofia yake, akaiweka mezani mbele ya Fanueli, akasema kwa shida, "Baba mdogo, maplamu ni yako, na hizo hatua nane tutazipima kesho. Nisamehe. Ulijua miaka yote hiyo ukatunyamazia!"

"Sikujua," Fanueli alisema.

"Huyu mzee!" Suleimani alitikisa kichwa. "Mpaka leo bado anamfichia mwenzake."

"Jamani, sikuona kitu! Kulikuwa na ukungu. Nilipoteza mkasi wangu kwenye majani, nilikuwa nautafuta. Nikasikia jembe huko chini, nikasema ni jirani, nikamwamkia. Basi!"

Hawakumsikia. Walikuwa wanamshika mkono, wengine wanafuta macho, wanasema mtu kama huyu hazaliwi tena. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumsifu. Alitoka pale na ardhi iliyoongezeka, anatembea kama aliyepigwa na kitu kichwani.

Masale yakarudishwa. Fanueli hakwenda kuyatazama. Wiki hiyo alikwenda ofisini mara tatu, mfuko wa turubai begani, akamwomba Janeth amfungulie tena. Sasa ilifunguka bila maswali, kwa ile ile ya muziki. Alisikiliza mpaka mlio wa kitanda, akisubiri kama kuna neno lililosalia baada yake. Hakuna.

Alimuuliza Happiness swali moja kwa simu, naye akasema anaitwa kwa mgonjwa, akakata. Dorkasi alipoulizwa alisema chakula kinapoa. Kristian alipopanda kilima siku moja kabla ya Krismasi, na jogoo mwekundu kwapani kama baba yake, Fanueli alimwacha asimame mlangoni, akampokea jogoo akamshika miguu, akamuuliza na yeye lile swali. Kristian akasema, "Wape watoto wale," akageuka.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Wale majogoo wote, baba yako alikuwa ananiletea kwa kunipenda, au kwa kuniogopa?"