Kuingia Chang'an kwa Mlango wa Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jumba la maonyesho hapa Maskati, Mkurugenzi alinikabidhi mbao laini na mji mzima. Nlikuwa fundi wa vielelezo, yaani majengo yaliyopunguzwa ukubwa mpaka yakaenea ndani ya ukumbi, na mji wenyewe ni Chang'an, makao ya wafalme wa China ya kale. Nlikuwa bado kwenye majaribio. Mji ukiharibika, narudi nyumbani Darsait.

Chang'an ilipangwa kama ubao wa dama. Kila mtaa ulikuwa na ukuta na lango lake, soko moja mashariki, jingine magharibi. Njia kuu, ndiyo mhimili wa mji, ilitoka lango la kusini ikanyooka hadi kasri, kaskazini, ambako mfalme alikaa akitazama kusini. Mkurugenzi, mzee wa Unguja, alilishika jambo hilo kama sala. Alipima kaskazini kwa dira yake ya kibla, nami nkagandisha kila kitu sakafuni, na sanamu ya mfalme kasrini, njia kuu nkaiacha pana ya kupita mtu.

Asubuhi ya ufunguzi akaja Mkuu wa Itifaki, msimamizi wa mapokezi. Akasimama mlangoni, na mlango wa ukumbi uko kaskazini.

"Bi Zuwena," akaniambia taratibu, "mgeni rasmi aingie akutane na kisogo cha mfalme?"

Akataka tuugeuze mji. Nkamweleza kuwa ukiguswa utakatika. Akamtazama Mkurugenzi, nami nkaanza kukusanya patasi zangu.

"Mfalme hageuzwi," akasema Mkurugenzi. "Watageuka wageni. Kusini pana mlango gani?"

Kusini pana jiko.

Basi mgeni rasmi, profesa mzee kutoka China, akazungushwa nje juani, akaingizwa baina ya masufuria ya biriani. Mpishi wetu Wanjiru, Mkenya, hakuwa ameambiwa lolote. Akamzuia kwa adabu, akamwambia chakula bado, arudi baadaye. Mkalimani wa mgeni akatafsiri yote. Mkuu wa Itifaki akafumba macho.

Profesa akacheka, akaomba kuonja halwa. Akapita lango la kusini angali anatafuna, akaifuata njia kuu mpaka mbele ya mfalme, akainama.

"Maofisa wetu wa kale nao walizungushwa sana kabla ya kumfikia," akasema.

Nkathibitishwa kazini siku hiyo hiyo.

Sasa nimestaafu, nnakaa Al Amerat. Baadaye nlitengeneza vielelezo vya ngome na mafalaji, mifereji ya kale ya maji, chini ya wakurugenzi wengine, na Chang'an ilishavunjwa kupisha maonyesho ya lulu. Juzi nlikwenda kuyatazama. Wageni wa heshima bado wanapitishwa jikoni, na nlipouliza sababu, hapana aliyeijua. Waliniambia tu kwamba ndiyo itifaki.